Koti Jekundu na Fisi Maji wa Ruhuji

Nilichukua koti la mama la kuuza bila ruhusa, nikaenda nalo mtoni kutazama wanyama. Nimelisema hilo mapema, mwanangu, usije ukadhani unanasihiwa na mtakatifu. Nakuita mwanangu ingawa niko kidato cha tatu. Umri wangu usikusumbue. Ujinga wenyewe ulikuwa wa mtu mzima kabisa.

Siku hizi mitumba imeruhusiwa, na Makambako yote tunavaa nguo za Wazungu tusiowajua. Mama ana meza yake sokoni. Lile koti jekundu alikuwa amemwekea dereva mmoja wa lori la Zambia, ambaye angelipitia Jumatatu. Mimi Jumamosi nikalivaa, nikapanda basi kwenda Njombe kwa mjomba, anayelima kando ya mto Ruhuji. Alikuwa ameniahidi kunionyesha fisi maji.

Mvua zilikuwa zimekata, baridi inaanza. Majani ya mipichi yalikuwa yamegeuka, mengine manjano, mengine mekundu, yanadondoka mtoni na kusafiri. Ng'ambo, nyasi za mlimani zilikuwa na rangi ya kutu. Nikajiuliza, jani linajuaje kwamba zamu yake imefika? Mwalimu wa baiolojia analo jibu, ila jibu lake halina rangi.

Tukajibanza kwenye mianzi. Kila nikijikuna, koti linapiga kelele, kwaru kwaru! Mdiria, yule ndege mvua samaki, akaruka zake.

"Vua hilo dude," mjomba akanong'ona. "Linaongea kuliko wewe, na sikujua hilo linawezekana."

Nikalitundika kwenye tawi la mpichi, nikatetemeka kimyakimya. Ndipo akaibuka mama fisi maji, kichwa bapa, masharubu ya babu, watoto wawili nyuma yake. Akakamata kaa, akalivunja gamba kwa vidole. Vidole, mwanangu, kama mtu anayemenya karanga! Kisha akakamata mwingine, akampa mtoto mmoja ajaribu.

Upepo ukavuma. Koti likaangukia majini, likaanza kuondoka taratibu pamoja na majani.

"Koti lako," mjomba akanong'ona.

"Naliona."

"Huendi?"

"Nikiinuka watakimbia."

Akanitazama. "Basi dada yangu utamwambia mwenyewe."

Sikuinuka. Mtoto yule alimwangusha kaa, akamfuata, akamwangusha tena, mpaka akamfungua. Nikaona yote. Koti tulilitafuta hadi giza, hatukulipata.

Basi sikiliza. Ukienda kutazama wanyama, vaa nguo isiyo na kelele, na iwe yako. Ukishapoteza cha mtu, rudi nyumbani na habari kamili, usiipunguze. Mungu akujalie macho makali, miguu mitulivu na mito isiyokauka, amina.

Mimi nilimweleza mama yote, koti, kaa na vidole. Akazikunja nguo za kuuza moja moja, mpaka nikatamani anichape. Kisha akasema:

"Jumatatu dereva utamweleza wewe, kwa mdomo wako huohuo. Haya, keti. Huyo mama fisi maji, watoto wake wanamsikiliza?"