Usukani wa Shangingi la Bugomora

Daktari aliponiambia kuendesha fuso sasa basi, nilimuuliza kama anajua kulima. Akashangaa. Nikamwambia, basi njoo nikupe jembe langu, maana hiyo ndiyo kazi unayonirudishia. Nilikuwa na hasira, na hasira zangu hazijui kungoja zamu. Lakini picha ya mgongo wangu ilikuwa pale mbele ya taa, na hata mimi nisiyesomea udaktari niliona pingili za chini zilivyobanana. Akaniambia kwa upole: gari dogo lenye kiti cha maana, sawa, kwa kiasi. Lori, hapana.

Nimeendesha malori tangu sijaolewa. Nimebeba ndizi kutoka Kibingo, kahawa kutoka Nyakatuntu, saruji, maharage, mbao, na mara moja jeneza na waombolezaji wake wote wakiimba juu ya turubai. Wanaume wa Omurushaka walikuwa wakija kuchungulia dirishani wahakikishe kama kweli ni mwanamke, nami nawauliza wamepoteza nini humu ndani. Sijui kazi nyingine na sikutaka kuijua. Kibanja cha migomba tunacho, mume wangu anakipenda, na hakihitaji watu wawili wa kukigombania. Kwa hiyo nilitoka hospitali na jambo moja tu kichwani: nipate gari laini nitakaloliendesha mwenyewe, au nikubali kwamba udereva wangu umekwisha.

Kununua nisingeweza. Kukodi kwa mkataba wa mwaka, hilo lilikuwa na njia. Siku hizi hapa Karagwe na Kyerwa hakuna bibi harusi anayekubali kupanda gari la hivi hivi. Anataka shangingi, jeusi, jipya, lenye vioo vya giza, lipambwe maua puani. Watu wanaliagiza Bukoba, wanalilipia mafuta ya kuja na kurudi, na bado dereva anafika padri ameshapanda altareni. Mtu mwenye shangingi hapa hapa asingekosa kazi.

Na shangingi lilikuwepo. Mbele ya Bugomora, pale migomba inapoishia na majani yanapoanza, kuna mfugaji aliyeuza sehemu ya kundi lake akanunua gari ambalo mimi nilikuwa naliona kwa viongozi tu. Yeye mwenyewe hajui kuendesha. Jumapili mpwa wake humpeleka kanisani, yeye na mkewe wamekaa kiti cha nyuma, wameshona midomo. Siku nyingine zote gari linalala kwenye banda la mabati karibu na zizi, na jioni wakiwasha moto wa moshi kufukuza nzi kwenye ng'ombe, nalo linapata mgao wake. Nilivyosikia hivyo nilicheka, halafu nikaanza kupiga hesabu. Gari jipya, linafukizwa!

Tulikwenda na mume wangu kwa pikipiki yake. Njiani nilimwambia zaidi ya mara moja: tukifika, gari usilitazame. Salimia, kunywa maziwa, ongelea mvua, mengine niachie mimi. Akasema, "Nimesikia, mama watoto, mimi si mtoto."

Wafugaji nawajua kidogo. Nyumbani kwetu sisi ni watu wa migomba, lakini baba alikaa na ng'ombe wa mfugaji mmoja kwa miaka mingi. Huku ndivyo ilivyokuwa, na kwingine bado iko: mfugaji anampa mkulima ng'ombe akae naye. Mkulima anamlisha, maziwa anakunywa yeye, samadi inakwenda kwenye kibanja chake. Ng'ombe anabaki wa mfugaji, na ndama ni wa mfugaji. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkatia majani yule ng'ombe, kwa hiyo nilimwona mwenye ng'ombe kila alipokuja kumtazama, namna alivyoongea na namna alivyonyamaza.

Basi tukafika. Sijavua hata kofia ya pikipiki, namwona mume wangu huyo, moja kwa moja bandani, kiganja juu ya boneti.

"Lo! Mzee, hongera! Gari zuri hili! Wilaya nzima hakuna la kulifikia!"

Nilitamani ardhi inimeze. Kwa watu wale, mgeni anayefika na kumsifia mnyama wako kwa sauti kabla hata ya salamu, ama anakuja kuomba ama ana jicho baya. Na gari lile lilitokana na ng'ombe. Mwenye nyumba alikuwa anatujia, akasimama palepale. Mkewe, aliyekuwa ameshika kibuyu cha maziwa, akakiweka chini taratibu.

Nikaona safari imeharibika. Nikavua kofia, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu, lakini ya baridi.

"Msameheni huyu, waitu, wazee wangu, alizaliwa katikati ya migomba. Gari lenyewe limepauka." Nikalizunguka nimekunja uso. "Tairi hizi zimekaa kwenye unyevu. Betri inazeeka kwa kulala. Halafu linanuka moshi. Bibi harusi gani atapanda humu na gauni jeupe?"

Uso wa yule mzee ukalegea, nikaona hata mabega yanashuka.

"Ni kweli," akasema, kama mtu aliyeondolewa mzigo. "Limedhoofu."

"Limedhoofu sana."

"Karibuni ndani."

Mume wangu akanitazama kana kwamba nimeingia wazimu. Nikamkanyaga mguu.

Tulikunywa maziwa. Tukaongea mvua, tukaongea kupe, tukaongea barabara ya Nkwenda. Vikombe vilipoondolewa ndipo nikasema kilichonileta, na tukaanza kuvutana. Sikuwa na haraka. Nilikuwa nimejiapia siondoki pale bila jibu, hata kama ni kulala kwenye banda na gari.

Alitaka nimpelekee hesabu ya fedha kila wiki, harusi ziwepo zisiwepo. Nikamuuliza, "Na Kwaresima je? Kwaresima hakuna anayefunga ndoa. Ng'ombe akikauka, wewe unamdai mtu maziwa?"

Alikuna kidevu. Akasema Kwaresima nitatoa nusu. Nikakubali, maana kuna wagonjwa wa kupeleka Bukoba na wageni wanaokuja kununua kahawa, sikuwa na nia ya kulala. Bima ikawa yake. Mafuta, matengenezo ya kawaida na tairi vikawa vyangu. Likipata ajali kwa uzembe wangu, gharama ni yangu. Mume wangu alikuwa ameshaanza kutabasamu, na mimi nilikuwa nasubiri, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa bado.

"Basi," mzee akasema, "mpwa wangu ataliendesha."

"Hapana, mzee. Naliendesha mimi."

"Wewe?" Alicheka, siyo kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. "Mama, wewe utakaa nyumbani upokee simu za wateja. Kijana atapeleka. Na kwa kuwa ni kijana wangu, hesabu nakupunguzia. Nakupunguzia sana."

Alitaja alivyopunguza, na kusema kweli ilikuwa ofa ya kupokelewa kwa mikono miwili. Mume wangu alinivuta nje, akaniambia kwa kunong'ona, "Kubali. Mgongo wako utapumzika, hela zitaingia, unataka nini tena?"

"Nataka kuendesha."

"Lakini hela..."

"Baba watoto, mimi sikuja kutafuta hela tu. Ukiniweka nyumbani na simu nitaoza. Nitakusumbua wewe, nitasumbua migomba, nitasumbua hadi kuku. Unanijua."

Alinitazama, akapumua. Ananijua. Akasema, "Haya, kapigane." Nampenda mtu huyu, pamoja na mdomo wake.

Nikarudi ndani nikakaa mkao wa kutoondoka.

"Mzee, naomba nikuulize. Ukimpa mtu ng'ombe akae naye, unampelekea na mkamuaji?"

Akatikisa kichwa.

"Unampa mtu ng'ombe kwa sababu umemwamini mkono wake. Kama humwamini, humpi. Sasa mimi unanipa ng'ombe, halafu unamtuma kijana aje kumkamua kwangu, mimi nibaki kushika kamba. Hiyo mmeitoa wapi? Nimeendesha malori kabla kijana huyu hajajua kufungua mlango wa gari. Kama mkono wangu huuamini, sema, nipande pikipiki niende."

Mkewe akaguna. Mpwa mwenyewe alikuwa mlangoni, mtu mzima mwenye watoto, akatazama miguu yake. Sikumwonea huruma siku ile, nasema ukweli. Yeye alikuwa na kundi la mjomba. Mimi nisingekuwa na kitu.

Kisha nikamwona mzee anaanza kutabasamu kwa pembeni. Tabasamu lile nilikuwa nalijua tangu kwa yule mwenye ng'ombe wa baba.

"Umesema vizuri," akasema. "Tufuate mambo ya ng'ombe. Endesha mwenyewe. Ila unajua mwenye ng'ombe humchukua ng'ombe wake siku anayotaka. Haulizwi. Naandika hivyo: siku nikilitaka gari langu, unaleta ufunguo."

Wee! Kanibana kwa maneno yangu mwenyewe. Mume wangu aliinamisha kichwa. Mkataba wa namna hiyo si mkataba. Ningefukuza moshi garini, ningetafuta wateja, ningejenga jina, halafu baada ya miezi mitatu, siku anayoona harusi zimeshika, anachukua gari na mpwa anarithi kazi niliyoitengeneza. Nilihisi machozi ya hasira yanapanda, nikayameza. Nikamfikiria baba, na ile siku mwenye ng'ombe alipokuja kuchukua ng'ombe wake. Yule bwana hakuja mikono mitupu.

"Sawa, mzee," nikasema. "Nakubali."

Mume wangu aliinua kichwa.

"Nakubali, kwa sababu ndivyo ilivyo. Lakini mwenye ng'ombe akimchukua ng'ombe wake, humwachia aliyemtunza mtamba, jike changa litakalomzalia. Ni kweli au nasema uongo?"

"Ni kweli," akajibu mkewe kabla yake.

"Gari halizai. Kwa hiyo tuandike: ukilichukua kabla mwaka haujaisha, unaniachia mtamba kutoka kwenye kundi lako. Na nachagua leo."

"Chagua," akasema mzee, bado anatabasamu. Alidhani sijui ng'ombe.

Tukatoka. Kundi lilikuwa linarudi kutoka kunywa maji. Sikuhesabu, maana hilo nalo ni kosa, nilitazama tu. Na sikutazama ng'ombe, nilimtazama mzee. Kila aliyepita alimwacha apite. Ila mmoja, mtamba wa bihogo, ule wekundu uliokolea, pembe ndiyo kwanza zinafunguka, huyo alimfuata mwenyewe akaja kumlamba mkono, na mzee akamkuna chini ya shingo bila hata kujua anafanya hivyo.

"Huyu," nikasema.

Mkono ukasimama shingoni mwa mtamba. Mkewe alipiga makofi akaangua kicheko hadi akajishika ubavu.

"Huyo! Mwanetu alioa, tukatafuta ng'ombe wa mahari, huyo alifichwa kwa jirani! Mama, umempiga penyewe!"

"Chagua mwingine," mzee akasema.

"Huyu, mzee."

"Nakupa wawili. Wawili wazuri."

"Huyu."

Tulitazamana. Mimi mgongo ulikuwa unaniwaka kwa kusimama, lakini nisingeketi hata kwa kiti cha dhahabu. Nilisema moyoni, akikataa nimekwisha, jembe linaningoja. Na yeye alikuwa anatazama mtamba, anatazama gari bandani, anatazama mtamba.

"Afadhali gari likae kwako mwaka mzima," akasema mwisho, kwa hasira. "Miwili, ukitaka. Huyu humgusi."

"Mwaka unatosha, waitu. Tuandike."

Aliitwa mtendaji wa kijiji na muhuri wake. Aliposoma mambo ya mtamba ndani ya mkataba wa gari alitutazama mmoja mmoja, akaona hakuna anayecheka isipokuwa mama mwenye nyumba, akagonga muhuri. Tukatia sahihi. Mzee akanipa ufunguo bila kunitazama, akaenda zake kwa ng'ombe wake.

Nikakaa kwenye kiti. Nikakisogeza mbele, nikakiinua, nikarekebisha vioo. Gari likawaka kimya kimya hadi nikadhani halijawaka. Mume wangu akatangulia na pikipiki, anageuka nyuma kila mara kama mtu anayesindikiza rais. Nikapita mashimo ambayo kwa fuso yangenifanya niume meno, na mgongo ukatulia, haukusema chochote. Nilifika barabara ya Nkwenda, nikasimama pembeni, na pale nikaanza kulia. Tangu daktari aseme nilikuwa sijalia hata siku moja.

Mume wangu akarudi mbio, akagonga kioo. Nikakishusha.

"Mgongo?"

"Mgongo hauna neno."

"Sasa unalia nini?"

"Niache nilie," nikamwambia. "Nimerudi kazini."