Bustani ya Kiunoni ya Mzee Ocira

Mzee Faustino Ocira alilala katikati ya mboga zake kwa muda wa saa mbili kabla mtu yeyote hajajua kuwa ameanguka. Si kwamba alikosa sauti. Sauti anayo, miaka thelathini na miwili aliitumia kutoa amri kwenye viwanja vya gwaride vya polisi, Mbale, Jinja, hadi Naguru. Alinyamaza kwa sababu mtu aliyepata kuwa sajini hapigi mayowe eti utelezi umemwangusha. Basi akalala ubavu, shavu likiwa kwenye udongo uliolowa mvua ya Machi, akiyatazama majani ya malakwang kutoka chini, upande ambao hakuwahi kuutazama, na kuhesabu wadudu.

Aliyemwona ni jirani yake Khisa, Mluhya wa Bungoma mwenye karakana ya kuchomelea vyuma kando ya barabara ya Ggaba. Khisa alikuwa amepanda juu ya bati lake kuziba tundu, akaona buti la mpira limechomoza kwenye mboga, limelala ubavu.

"Afande!" akaita. "Unafanya nini huko chini?"

"Ninakagua."

"Unakagua nini?"

"Mizizi. Njoo uniinue, na usimwambie Aol."

Khisa akamwinua, na jioni ileile Aol akajua, maana Khisa ni mtu mwema lakini hana kifua cha kutunza siri. Aol ndiye binti mkubwa wa mzee, muuguzi, na ndiye anayeiendesha nyumba tangu mama yao, Rosalba, alipofariki. Hakugombana. Alimkanda baba yake nyonga kwa maji ya moto, akampa uji, kisha akatoa hukumu: Jumamosi ya wiki ile fundi atakuja kuipanga bustani yote matofali ya sementi, kuanzia mlango wa jikoni hadi ukutani.

"Utakaa nje vizuri, baba. Pasafi, pakavu. Nitakuwekea kiti na mwavuli."

"Nitatazama nini?"

"Utapumzika."

"Nimeuliza nitatazama nini."

Aol akaondoa bakuli la uji, na ukweli ni kwamba mtaa mzima hauna cha kutazama. Mzee alipohamia mtaa huu wa Kansanga, mlangoni kwake mtu aliona migomba mpaka kwenye kinamasi. Kila nyumba ilikuwa na shamba lake la uani, na wanawake walipeana mbegu juu ya ua wa michongoma huku wakisengenyana kwa raha zao. Michongoma imeng'olewa, zimepandwa kuta zenye vipande vya chupa juu. Siku hizi mtu akishajiweza kidogo anaifunika ardhi kwa sementi kama anayefunika aibu, halafu mvua ikinyesha anashangaa maji kumwingilia sebuleni. Anakula mboga iliyofungwa kwenye plastiki, imelala siku tatu, na anajiita ameendelea.

Katika safu ile yote ni bustani ya Ocira tu iliyokuwa bado inapumua: hatua kumi na tano kwa saba. Aliyeianzisha ni Rosalba, kwa mbegu alizotoka nazo kwao Kitgum, kaskazini, zimefungwa kwenye pembe ya kitenge. Alizipanda kwanza Naguru, nyuma ya nyumba za askari, katikati ya kamba za kuanikia nguo, na mume alipostaafu akahama nazo. Malakwang ni mboga chachu, hupikwa kwa karanga za kusagwa, na mzee aliamini kwamba isiyotoka kwenye mbegu ya Rosalba ni majani tu.

Isionekane kwamba Aol hakujaribu njia nyingine. Alikuwa amemletea baba yake kigoda cha plastiki, kofia pana, glavu, na jembe dogo la mkono. Mzee alivitundika vyote stoo, kimoja kimoja, kama vielelezo vya kesi. Mama yake alimfundisha kulima ameinama, miguu imenyooka, mgongo bapa. Kulima umekaa, alisema, ni mchezo wa watoto.

Jumatatu Khisa alikuja na futi ya chuma.

"Afande, nimefikiria. Nikuundie masanduku ya mbao yenye miguu ya chuma. Udongo ndani, mboga juu. Yafike hapa." Akamgusa kiunoni. "Utalima umesimama, kama mwenye duka kwenye kaunta."

"Mimi siombi msaada."

"Hujaomba. Ninakupa."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Khisa akaketi kwenye ngazi ya jikoni bila kukaribishwa. "Sasa niambie. Kwenu kaskazini, mtu akishindwa na shamba alifanyaje? Anakaa kitako anakufa njaa kwa heshima?"

"Kwetu hakuna aliyeshindwa. Kulikuwa na awak."

Na mzee akasahau hasira. Akaeleza jinsi mwenye shamba kubwa au mgongo mbovu alivyotangaza siku, na majirani wakafika kabla ya jua, wakapanga mstari mmoja, wakalima kwa nyimbo. Mwenye shamba hakushika jembe. Kazi yake ilikuwa kupika, kugawa kinywaji, na kutembea nyuma ya mstari akiwatukana wavivu. Hakuna aliyeuita msaada, kwa sababu wiki ifuatayo naye alikuwa kwenye mstari wa mwenzake. Leo hata huko wengi wanalima kwa kulipwa. Mtu anamaliza kipande chake, anaondoka bila kukujua jina.

"Basi ita awak," akasema Khisa.

"Nimwite nani? Wamekufa."

"Wote?"

Mzee akafikiri. Si wote. Alikuwepo Mubaraka wa Arua, aliyekuwa dereva wa polisi, anayekaa Kabalagala. Alikuwepo Docus, mjane wa koplo, kule Ggaba.

"Lakini ni wazee watupu," akasema.

"Vizuri. Ndio wanaojua panapouma."

Likabaki suala la kinywaji. Awak inataka pombe ya mahindi, lakini Aol ameokoka na pombe haivuki mlango wake. Mubaraka naye ni Mwislamu wa swala tano. Docus alilimaliza kwa simu: angeleta bushera, uji wa mtama uliochachuka. "Una povu," alisema. "Anayetaka kujidanganya amelewa, ajidanganye."

Jumamosi alfajiri Aol akiwa bado kwenye zamu yake hospitalini, na fundi wa matofali akitarajiwa saa tatu, masanduku manne yaliingia uani kwa mkokoteni, yakifuatwa na Khisa na wachomeleaji wake wawili. Mubaraka alikuja na fimbo, Docus na jerikani. Mzee Ocira alivaa shati la mikono mirefu na kufunga vifungo vyote.

Ubishi ukaanza hapohapo. Docus aliburuta kiti, akakaa mbele ya sanduku la kwanza.

"Khisa, hili linanifika kidevuni. Unataka nilime kwa meno?"

"Mama, hilo ni la kusimama."

"Na siku nisiyoweza kusimama je?"

Mawili yakakatwa miguu. Mubaraka akasema ukingo uwe na bomba la kushikilia, kwa kuwa mtu wa umri wao akigeuka ghafla dunia nayo inageuka. Khisa akawasha mashine yake ya kuchomelea, cheche zikaruka. Kisha Mubaraka akachukua mpira wa ndani wa baiskeli, akaukata vipande vyembamba na kuvizungusha kwenye mpini wa jembe dogo mpaka ukanenepa, vidole vyenye baridi yabisi viushike bila kubana. Docus alimwamuru mzee avae filimbi shingoni.

"Ulipuliza filimbi kwa wezi wa kuku maisha yako yote. Ukianguka tena, jipulizie mwenyewe."

Wale vijana wa karakana walipoanza kujaza udongo, mzee hakuvumilia. Akanyakua sepetu. Mubaraka akapiga ukelele uliowashtua kuku wa mtaa wa pili.

"Mwenye awak! Weka chini! Kazi yako ni mdomo!"

"Nasogeza kidogo tu."

"Sheria ni ya kwenu, si ya kwetu Arua. Wewe mwenyewe umetusomea. Kaa!"

Mzee akatazama huku na huku. Kitu pekee cha kukalia kilikuwa kile kigoda cha plastiki, ambacho Docus alikitoa stoo bila kuomba ruhusa. Akakaa. Kwa mara ya kwanza katika miaka sabini na tisa alikaa ndani ya bustani watu wakifanya kazi, na baada ya dakika tano akagundua kwamba kutukana wavivu ni kazi anayoiweza sana.

Saa tatu kasorobo lango likafunguliwa. Aliingia Aol, macho mekundu kwa zamu, na nyuma yake fundi na lori la matofali.

"Baba, hii ni nini?"

"Awak," akasema mzee.

Aol alikuwa amelisikia neno hilo kwa bibi yake tu. Hakucheka wala hakukasirika. Alifanya anavyofanya wodini. Akatikisa sanduku. Akaning'inia kwenye bomba kwa uzito wake wote. Akamwambia baba yake asimame, anyooshe mkono mpaka katikati ya udongo, na mkono ukafika bila mgongo kupinda. Wote wakamtazama kama watahiniwa. Kisha akainamisha macho kwenye tope lililovurugwa na buti za watu sita.

"Na hapa chini?" akauliza taratibu. "Hakuanguka huko juu. Alianguka hapa."

Khisa akazima mashine. Mzee aliutazama udongo wa Rosalba, akalitazama lori, akalishika bomba.

"Fundi," akasema, "hayo matofali yako yanaweza kupangwa njia tu? Katikati ya masanduku?"

"Yanaweza, mzee."

"Upana wa watu wawili," akasema Aol, "ili mtu atembee naye."

"Wa mmoja."

"Wawili, baba."

"Wawili. Lakini kule ukutani hapaguswi. Kule inabaki ardhi."

"Kule inabaki ardhi," akakubali Aol, "na wewe huendi kule peke yako."

Fundi alinung'unika kwamba sasa atarudi na lori nusu, lakini akapewa kikombe cha bushera, akanyamaza. Mzee alimsimamia akiwa na pimamaji mkononi, akamfanya ang'oe mstari mmoja mara mbili kwa kuwa ulipinda kama mgongo wa mzee mwenyewe. Malakwang zikahamishiwa masandukuni pamoja na mizizi yake, Docus akizishindilia kwa vidole ameketi, kabla jua halijawa kali. Baadaye wakala kivulini, na Mubaraka akadai kuwa bushera imempanda kichwani.

"Jumamosi ijayo ni kwangu," akatangaza Docus. "Masanduku mawili, ya kukaa."

Aol akageuka haraka. "Baba haendi kubeba udongo, mama."

"Nani anataka abebe? Tunahitaji mtu wa kukaa na kutukana."

Mzee Ocira aliinyoosha kola ya shati lake, akamwuliza binti yake kama Jumamosi hiyo ana zamu, maana mstari wa Docus utahitaji angalau mtu mmoja mwenye magoti mazima.