Kiti cha Wakili Adan

Kuna aibu ambazo mtu huzisimulia akicheka, na hii nimejaribu kuicheka mara kadhaa nikashindwa, kwa hiyo nitaieleza tu jinsi ilivyokuwa, na anayetaka kunicheka anicheke, nimeshazoea (mume wangu akitaka kunyamazisha ubishi nyumbani huniuliza tu, "Na siku ile, kwa kipaza sauti, ulisema nini?").

Mimi ni meneja wa ofisi katika kampuni kubwa ya mawakili, aina ile ambayo huko makao makuu Nairobi mawakili wake hukutana kwenye lifti wakaulizana majina. Ilipoamua kufungua tawi mjini Kitui, mimi nikarudishwa huku nyumbani kutafuta meza na makarani, na kwa kuwa nilikuwa nimehudhuria semina mbili tatu, nikapewa pia uenyekiti wa kamati ya ujumuishi, ambayo kazi yake ni kuhakikisha hakuna mtu anayetengwa kwa sababu ya kabila, dini, jinsia au ulemavu. Niliifanya kwa moyo wote. Nilidai njia ya kiti cha magurudumu mlangoni, ikajengwa. Nilitenga chumba kidogo cha kuswalia. Sitawaficha, nilikuwa najiona.

Siku ya ufunguzi tuliwaalika wakulima wa maembe kutoka Makueni, wakulima wa ndengu, na wafanyabiashara wa mifugo kutoka Kyuso, ambao walikuwa na kesi kubwa na walikuwa bado hawajaamua waipeleke kwa nani. Siku hiyohiyo wakili mkuu kutoka Nairobi, mama mpole wa sauti na mkali wa macho, angetangaza nani ataongoza tawi. Ilikuwa ama Wakili Mutua ama Wakili Adan, na wengi tulimpa Adan nafasi hiyo. Alizaliwa Kyuso, baba yake akiwa na duka pale sokoni, na Kikamba chake kimenyooka kuliko cha watoto wangu waliokulia Nairobi. Hao watu wa mifugo ni yeye aliyewashawishi waje. Wakili mkuu alikuwa ameniambia wazi: "Adan akae meza ya mbele, kati yangu na Mzee Farah. Nataka nione wanavyoongea." Mzee Farah ndiye mwenyekiti wa wafanyabiashara hao.

Nikaandika kadi ya jina la Adan kwa mkono wangu, nikaiweka mahali pake. Juu ya jukwaa nikatundika kitambaa chenye maneno niliyoyatunga mwenyewe nikichagua nyanya sokoni: MEZA MOJA, KILA MTU NA KITI CHAKE.

Asubuhi hiyo Mama Ndanu, mpishi wetu, aliniita nyuma ya ukumbi. Mbuzi walikuwa wamefungwa kwenye ua, maji yako motoni.

"Mama Kyalo, nani anachinja? Bakari wa buchari ulimwambia?"

Sikuwa nimemwambia. Huku kwetu, penye watu mchanganyiko mbuzi huchinjwa na Mwislamu ili kila mtu ale, hata harusi za kanisa letu hufanya hivyo, na Bakari ndiye hufanya kazi hiyo mjini. Nilikuwa nimekumbuka mpaka vijiti vya meno, nikamsahau Bakari. Ningempigia simu, angekuja. Lakini nikiwa bado naitafuta namba, nikamwona Adan anaingia langoni mapema, shati jeupe, koti la bluu, na nikaona (hapo ndipo mkasa ulipozaliwa) kwamba sina haja ya kumsumbua mtu wa nje.

"Wakili, Mungu amekuleta! Si utuchinjie hawa mbuzi mara moja?"

Akatabasamu. "Mwaitu, wacha mzaha." Huniita hivyo, mama yetu, kwa heshima.

"Si mzaha, wapishi wanangoja."

"Mimi nimemshikia baba miguu ya mbuzi tu. Kisu alishika yeye."

"Mwislamu mzima ashindwe na mbuzi?"

Mama Ndanu akadakia, "Huyu amezoea kuchinja watu kortini!" Tukacheka, mimi na yeye.

Adan hakucheka. Aliangalia upande wa ukumbi. "Na wageni?"

"Bado. Watakuta umemaliza."

Mimi ni rika la mama yake, na yeye amelelewa. Akavua koti, akanipa, akaanza kukunja mikono ya shati. Koti nikaenda kulitundika kwenye kiti chake, nikajiambia kwamba nimepanga mambo vizuri.

Wageni wakafika kabla ya wakati (ni lini Ukambani wageni wamewahi kufika kabla ya wakati? siku hiyo tu). Huko nyuma kisu kilikuwa butu, mkono wa Adan haukuwa na mazoea, na alipomaliza kabisa akakuta mfereji umekauka, ikabidi angoje bodaboda alete mitungi ya maji ndipo anawe. Hayo sikuyajua. Nilichokiona ni pengo kwenye meza ya mbele, na wakili mkuu anaingia, na Mzee Farah nyuma yake. Wakili Mutua, aliyekuwa amesimama karibu, akaniuliza:

"Mama Kyalo, hapa kuna mtu?"

"Kaa tu, wakili. Pengo mbele ya wageni si vizuri."

Nikachukua kadi ya Adan, nikaigeuza, nikaandika nyuma yake WAKILI MUTUA kwa kalamu nene. Koti nikampa msichana mmoja alipeleke jikoni.

Mchungaji akaomba. Hotuba zikaanza. Mutua ni mtu wa maneno matamu, akawa anaongea na Mzee Farah na wakili mkuu kwa zamu, mmoja kulia mmoja kushoto. Ilipofika zamu yangu nikapanda jukwaani, nikaeleza kwamba kwetu hakuna anayeitwa kwa dini yake wala kabila lake, huitwa kwa kazi yake, na kila mtu ana kiti chake, na nilipoinua mkono kuonyesha kile kitambaa nikamwona Adan. Alikuwa amesimama mlangoni, viti vimejaa, mikono ya shati imelowa, na mmoja ulikuwa na damu. Nikamaliza hotuba. Watu wakapiga makofi.

Kikaja kipindi cha maswali. Mzee Farah akaomba kipaza sauti.

"Mimi niko na swali kwa mama wa viti." Watu wakacheka kidogo. "Huyu kijana wetu Adan, aliyetuleta hapa, nimeuliza yuko wapi tangu nifike. Nimeambiwa anachinja. Sasa namwona kule mlangoni na damu kwa shati. Mlimchagua aje yeye achinje?"

Ningesema samahani, ingetosha. Lakini nilikuwa na kipaza sauti, na mtu mwenye kipaza sauti hudhani lazima awe na jibu.

"Mzee, ni kwa sababu yeye ndiye Mwislamu wetu."

Nilisikia neno hilo likizunguka ukumbi na kunirudia.

"Sawa," mzee akasema bila hasira. "Huyo mchungaji ameomba, ni wakili hapa?"

"Hapana, mzee. Tulimwita."

"Na mawakili Wakristo mnao?"

"Wengi."

"Na hakuna hata mmoja ulimwambia avue koti ahubiri."

Akarudisha kipaza sauti, akaketi. Hakuna aliyecheka. Nikateremka jukwaani mbio nikitaka kurekebisha, nikamwinamia Mutua nikanong'ona, "Toka hapo haraka, mwenyewe amekuja!" Kumbe kipaza sauti bado ninacho mkononi, na kinafanya kazi. Ukumbi mzima ulisikia. Mutua akainuka nusu, hajui aende wapi, na kule mlangoni Adan akainua mkono uliokuwa na damu.

"Mwacheni akae," alisema.

Uongozi wa tawi haukutangazwa siku hiyo. Nyama ililiwa, kila mtu alikula, na ndicho kitu pekee changu kilichofaulu.

Jioni nilimfuata Adan ofisini kwake kumwomba msamaha. Alikuwa anaisugua damu ile kwa kitambaa na sabuni.

"Mwaitu, sina shida na mbuzi," akaniambia. "Baba yangu alichinja katika harusi nyingi sana Kyuso. Walikuwa wanamwita, anafurahi. Lakini akimaliza ananawa, anapelekwa mezani kukaa na wenye harusi. Mimi nimemaliza kunawa, nikakuta kiti changu kina mtu, na kadi yangu imegeuzwa ikaandikwa jina lake."

Wiki chache baadaye Mutua akatajwa kuwa mkuu wa tawi. Wakili mkuu alisema alimwona jinsi alivyoketi vizuri na wateja. Nilimwandikia, nikampigia simu, nikamweleza kwamba aliketi pale kwa sababu mimi nilimketisha. Alinisikiliza, akasema uamuzi umeshafanyika.

Adan alikaa nasi miezi michache zaidi, kisha akaenda Mwingi kufungua ofisi yake. Watu wa mifugo wakamfuata na kesi yao. Siku ya kumuaga nilikwenda mwenyewe kwa Bakari mapema, nikamngoja afungue buchari. Meza ya mbele nikaweka kadi mpya, WAKILI ADAN, na nikasimama kando ya kile kiti, sikubanduka, hata Mutua alipopita akitafuta pa kukaa.

Tangu siku ile ya ufunguzi, kabla sijamwomba mtu jambo kazini hujiuliza ningemwomba nani kama yeye hangekuwapo, na kama jibu ni mtu wa kuitwa kutoka nje, basi huita wa nje. Uenyekiti wa kamati niliuacha, nami sitautaka tena.

Siku hiyo ya kumuaga, Adan alipofika alinisalimia kwa heshima yake ileile. Akaketi. Akaichukua kadi, akaisoma, kisha akaigeuza taratibu akaangalia upande wa nyuma. Hapakuwa na kitu. Akairudisha mezani.