Hatua Nane za Njia

Volkano ilipochoma nyumba yangu sikumkasirikia mtu. Mlima haushitakiwi. Lakini jirani ana miguu na ana akili, na ndiye aliyejenga ukuta ndani ya kiwanja changu wakati mimi niko mtaa wa Keshero kwa shangazi, nalala sakafuni na mtoto wa miezi minne.

Viwanja vyetu viko sehemu ya juu ya mtaa wa Majengo. Chake kiko mbele, kinagusa njia. Changu kiko nyuma yake. Kati yetu wazee walipanda miyenzi, ile miti ya utomvu mweupe kama maziwa, ndiyo ikawa mpaka. Lava ilipita juu ya vyote. Mawe yalipopoa nilirudi, mtoto mgongoni, nikakuta ukuta mpya unanifika kifuani. Kilichobaki upande wangu hakikutosha chumba na jiko.

"Papa jirani, huu ukuta ni wa nini?"

"Nilipima, mama. Hatua makumi tatu kutoka njia, kama karatasi yangu inasema. Pima na weye."

Nilipima. Nikapima tena. Hatua thelathini kamili. Mtaani kila mtu alipima hivyo, maana kwetu parseli, yaani kiwanja, inaanzia njiani, ndivyo tulivyolelewa. Shefu wa avenyu, mkubwa wa mtaa wetu, naye akaja, akapima, akaniambia ninyamaze nilee mtoto. Karatasi zangu mimi ziliungua. Shule ya sekondari nilimaliza na hesabu sikushindwa, lakini hesabu hii ilinishinda, na kiwanja ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho cha kumwachia mwanangu.

Nikajiandaa kwenda tribinali, mahakamani, kumshitaki. Wiki hiyohiyo waasi wakaingia mjini, na tribinali ikafungwa. Jirani akapanda juu ya ukuta wake kuongeza mawe.

"Sasa utanishitaki wapi, mama? Uende unishitaki kwa volkano!"

Watu wakacheka. Nikamjibu kwamba nitamshitaki hata kwa simu. Nilisema kwa hasira tu, sikujua kama inawezekana.

Kumbe inawezekana. Kwenye foleni ya kupima watoto kilo, mama mmoja alinipa namba. Kulikuwa na mawakili na wapatanishi waliokuwa wanapokea malalamiko kwa simu. Unatuma sauti yako na picha. Wanamsikiliza na mwenzako. Mkipatana, wanaandika mapatano na kuwatumia nyote wawili. Nilirekodi mara tano. Nne za kwanza zilikuwa matusi, nikazifuta.

Mpatanishi aliyenipigia alikuwa mwanamke, mwenye sauti ya upole. Hakuniuliza karatasi. Aliniuliza kama nina picha yoyote ya pale, ya kabla ya volkano. Nilikuwa nayo moja, kwenye simu ya wifi yangu: siku ya ndoa yangu, tumesimama kando ya gari, mbele ya shule iliyo ng'ambo ya njia. Lava iliiacha ile shule imesimama mahali pake.

Siku mbili baadaye akatupigia pamoja, mimi na jirani, tukawa watatu kwenye simu moja. Jirani alikubali haraka. Alijua ameshashinda.

"Hatua makumi tatu, mama juge! Makumi tatu!"

"Mimi si juge, papa, sikati kesi. Nenda usimame kwenye ukuta wa shule. Kisha tembea mpaka njiani, na uhesabu kwa nguvu, tusikie wote."

Akaenda, simu karibu na mdomo, nami nyuma yake. "Moya! Mbili! Tatu!" Kwenye tano sauti ilianza kushuka. Alipokanyaga njia alisema "nane" kama mtu anayeungama dhambi.

"Mama alinitumia picha ya ndoa yake," mpatanishi akasema. "Motokari iko njiani, na mulango yake karibu iguse ukuta ya shule. Leo njia iko mbali hatua nane. Sasa papa, ni nani alisogea, shule ao njia?"

Jirani alitazama shule. Akatazama njia. Mimi nilitaka kupiga vigelegele lakini mtoto alikuwa amelala.

Mashine iliyofungua njia juu ya lava ilikuwa imepita upande wetu, mahali mawe hayakurundikana sana. Mtaa mzima tulipima kutoka njia iliyohama, hata shefu, hata mimi mwenyewe. Nilikasirika upya, safari hii nikijikasirikia. Kisha kiburi kikanijaa, na sioni haya kukisema. Tribinali imefungwa, mji umeshikwa, na mimi mama wa mtoto mmoja, bila karatasi hata moja, nimesikilizwa.

Mapatano yalifika kwenye simu zetu siku iliyofuata: ukuta usogezwe hatua nane kuelekea njia. Jirani akaanza kubomoa kwa mikono yake, nami nimekaa juu ya jiwe, namnyonyesha mtoto, namwangalia. Katikati ya kazi akasimama, akajipangusa jasho.

"Mama, lakini hatua zangu nane ziko chini ya njia. Nani atanilipa?"

"Uliza njia."

Akabeba mawe mawili, akarudi.

"Ile namba… unaweza nipatia?"

Nilimwangalia vizuri huyu mzee aliyenituma kwa volkano.

"Maliza kwanza mawe, papa. Halafu uje na picha."