Fundi Aliyetaka Kunisalimia

Nitasema jambo hili mara moja, na anayetaka kucheka acheke. Lilinipata mimi mwenyewe, hapa Ruiru, mchana, nikiwa sijaonja pombe wala sina homa. Mimi si mtu wa hadithi. Shule niliacha darasa la nne, na kila kitu nilicho nacho, kuanzia nyumba ya mawe mpaka ng'ombe wa maziwa, nilikitoa kwa mikono hii. Mtu kama huyo anadanganya ili apate nini?

Watu wa hapa husema nina maringo kwa sababu sisalimii mtu kwa mkono. Hata kanisani, wakiambiwa wapeane mikono, mimi naitikia kwa kichwa. Wamesema sana. Leo nawaambia sababu.

Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na televisheni upande wa Mwiki. Kazi nilifunzwa na Mhindi mmoja mzee wa Thika, mtu mkali kama pilipili. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: ukiingiza mkono kwa mashine iliyo na stima, mkono wa pili unakaa mfukoni. Kwa nini? Kwa sababu stima ikiingia mkono wa kulia, na wa kushoto umeshika chuma, itapitia kifuani kwenda huko. Na kifuani ndipo moyo ulipo. Nilikuwa na koti la kaki, na mfuko wake wa kushoto ulikuwa umechakaa kuliko koti lenyewe.

Tena kuna mambo ya kioo. Fundi hukaa nyuma ya televisheni, na picha iko mbele. Ataionaje? Anasimamisha kioo cha kujitazamia mbele ya skrini, anaiona picha humo huku mkono wake uko ndani. Hicho kioo ukikumbuke.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Kamenu, Thika, tukimwita Mama Njoki. Alikuwa na chumba cha kufundisha wasichana taipu na kompyuta. Alileta monita kwa pikapu, moja ya zile za zamani sana zenye maandishi ya kijani, imefungwa blanketi kama mgonjwa.

"Mama, kutoka Thika mpaka huku? Mafundi wa kwenu wamekwisha?"

"Wewe unataka kazi ama unataka mazungumzo?"

Nikacheka, nikaifungua. Kitu cha kwanza nilichoangalia ni waya. Ngai! Ilikuwa waya ya pasi, imekatwa ikaungwa kwa monita, na ile ya kijani, ambayo ni ya ardhi, imefungwa mahali pa ile inayoleta stima. Unaelewa maana yake? Chuma chote cha ndani kinakuwa stima. Ni mtego wa kuua mtu.

"Nani aliunga hii?"

"Iliungwa tu."

"Iliungwa na nani? Huyu alitaka kuua nani?"

Nikaona kwamba amerudi nyuma mpaka mlangoni, na tangu afike hajaigusa monita. Aliyeishusha ni dereva wa pikapu. "Tengeneza tu, fundi," akasema. "Na hiyo waya uifunge vizuri. Nakuomba." Akaenda bila hata kuuliza itakuwa tayari lini.

Nikaitengeneza. Nilitupa ile waya, nikafunga nyingine sawasawa, nikabadilisha fyuzi na vitu vilivyoungua. Maandishi yakaja, kijani safi, lakini yamelala upande mmoja. Kunyoosha hayo si kazi ngumu: unazungusha kidogo koili iliyoshika shingo ya skrini kwa nyuma. Lakini lazima ufanye stima ikiwa ndani, na hapo kwenye shingo kuna stima ya kumaliza dume la ng'ombe.

Ilikuwa alasiri ya mvua. Nilikuwa nimefunga mlango kwa komeo kwa sababu maji yalikuwa yanaingia. Nikasimamisha kioo mbele. Mkono wa kulia ndani, wa kushoto mfukoni. Kushoto kwangu kulikuwa na dirisha lenye grili ya chuma, karibu sana, hata kuku hawezi kupita kati yangu nalo.

Nikasikia mtu anasema, "Fundi, habari ya kazi?"

"Nzuri," nikajibu. Wateja walinisalimia hivyo kutwa nzima, sikufikiria. Nikainua macho, nikamwona kwenye kioo. Alikuwa amesimama kushoto kwangu. Mtu wa makamo, amevaa koti la kaki kama langu, mfuko wa kushoto umeraruka mpaka chini. Alikuwa ananyoosha mkono anisalimie.

Sasa wewe unajua tulivyolelewa. Mtu akikupa mkono, unapokea. Kama mkono wako wa kulia una kazi au una grisi, unampa hata kifundo cha mkono wa kushoto ashike, ili asiseme umemdharau. Hakuna anayefikiria, mkono unaenda wenyewe. Na wangu ulianza kwenda. Niamini, ulikuwa umeshatoka nusu.

Kilichouzuia ni roli la waya ya kuchomelea lililokuwa humo mfukoni. Lilikwama mdomoni mwa mfuko. Nikavuta, likakataa, na katika kule kuvuta nikakumbuka: mlango nimeufunga kwa komeo.

Nikageuza macho, bila kichwa, nikaangalia kushoto kwangu. Hakukuwa na mtu. Nikarudisha macho kwenye kioo. Yuko, na mkono bado ameunyoosha. Safari hii uso wake ulikuwa karibu na sikio langu.

"Huwezi kusalimia mtu?" akasema. "Ni maringo ama?"

Na kitu kikanishika kifundo cha mkono wa kushoto, hapo kilipokuwa kimechungulia nje ya mfuko. Baridi. Si baridi ya maji. Ni baridi ya chuma kilicholala nje usiku wa Julai. Kikaanza kunivuta taratibu, kwa heshima kabisa, kama mwenyeji anayekukaribisha ndani. Kitambaa cha mfuko kikaanza kuraruka, nikasikia nyuzi zikikatika. Mkono wa kulia sikuweza kuutoa haraka, kwa sababu ukitetemeka pale ndani umekwisha.

Nikapiga teke. Sikujua napiga nini, nilirusha tu mguu chini ya meza, ukanasa waya, plagi ikang'oka ukutani. Skrini ikazima.

Lakini skrini za zamani hazizimi mara moja. Hubaki nukta moja ya mwanga katikati, inapungua polepole. Na wakati nukta ile inapungua, yule mtu alikuwa bado kwenye kioo, ananivuta. Nilimtazama mpaka nukta ikaisha. Ilipoisha, nikaona kifundo changu kimebaki upana wa kidole kimoja kufikia grili ya dirisha. Ilikuwa imelowa mvua yote.

Monita sikuigusa tena ila kuifunga. Nikaipeleka Thika. Mama Njoki akaiwasha, akainamisha shingo.

"Fundi, mbona maandishi yamelala?"

"Yalale. Niambie ni fundi gani alifungua hii kabla yangu."

"Hakuna."

"Mama, usinichezee. Koti la kaki. Mfuko wa kushoto umeraruka."

Alikaa kwenye kiti kimoja cha wanafunzi. Alilia kwanza ndipo akasema. Ni yeye aliyekata waya ya pasi akaunga, akitaka darasa lisisimame, na monita ikalipuka. Akaita jirani yake, fundi mzuri, mtu wa watu, hakupita mtu bila kumpa mkono. Jirani akaichomeka na waya ileile. Walimkuta kwenye kiti, mkono mmoja ndani ya monita, na mwingine umerarua mfuko ukaenda kushika chuma cha dirisha. "Kama anayesalimia mtu aliye nje," akasema.

"Na ukaniletea mimi bila kuniambia?"

"Ningekuambia ungekubali?"

Nilimwambia aivunje kwa nyundo. Akaahidi. Baadaye nikasikia aliiuza, na aliyenunua akauzia mwingine. Iko wapi sasa? Mimi sijui.

Kifundo changu hakijawahi kupata joto tangu siku ile. Mke wangu ni shahidi, hata leo ananiambia, "Baba Wambui, weka hicho kipande cha barafu upande wako." Redio niliacha, nikaingia kwa ng'ombe.

Kwa hivyo wewe fundi unayesoma hapa, ukiletewa monita ya zamani ya maandishi ya kijani yaliyolala upande, irudishe ilikotoka. Na kama ni lazima uifungue, usisimamishe kioo. Na nyinyi wengine, mkinikuta njiani Ruiru nimeficha mkono mfukoni, nisalimieni kwa mdomo, nitaitikia vizuri. Lakini msiniulize kama ni maringo. Nimeshaulizwa hivyo mara moja, na aliyeuliza bado anangoja nimpe mkono.