Shilingi Nilizomwokolea Mfadhili

Jambo hili lote liligharimu shilingi elfu moja mia nane na arobaini. Nimezihesabu mara mbili. Hazikuibwa wala hazikupotea. Niliziokoa mimi mwenyewe, na mpaka leo sijui namna ya kuzilipa.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Jumatatu, pale Malaba, katika miaka ya sitini. Chuo kikuu kilikuwa kimekodi vyumba viwili nyuma ya duka la nafaka, karibu na stesheni ya reli. Chumba kimoja kilikuwa cha utafiti wa kilimo cha pamba. Cha pili kilikuwa chetu, ofisi ya misaada na uhusiano na wafadhili: meza mbili, taipureta moja, na kabati la chuma lenye kufuli kubwa kuliko kilichokuwa ndani yake. Nilipomweleza shangazi yangu kazi niliyopata, aliniuliza, "Yaani wanakulipa mshahara kwa kuomba?" Nilizunguka sana kumjibu. Leo ningesema tu, ndiyo shangazi.

Kuomba kwetu kulikuwa na utaratibu. Kwanza tuliandika andiko la mradi, kueleza tunataka kufanya nini na kwa gharama gani. Wakfu wa ng'ambo ukikubali, ulituma barua ya ahadi, na pesa zilikuja zimegawanywa mafungu: la usafiri, la karatasi, la posho za wahojaji. Pesa za fungu moja hazikuruhusiwa kuvuka kwenda jingine bila kibali cha mfadhili. Kule mpakani watu walivuka asubuhi kwenda kununua ndizi Uganda na kurudi kabla chai haijapoa, lakini shilingi ya usafiri haikuweza kuvuka mstari wa wino kwenda kununua karatasi.

Mkubwa wangu alikuwa Msajili Msaidizi, mtu wa Matayos aliyesoma ng'ambo, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Miezi michache baadaye alinihamishia Busia, ambako utafiti ulikuwa umepanuka hadi Funyula. Nilikabidhiwa fungu la usafiri. Hapo ndipo kipaji changu kilipoonekana.

Lori tulilikodi kwa Mzee Saleh, mfanyabiashara wa Busia mjini.

"Kwenda Funyula na kurudi, shilingi sitini," alisema siku ya kwanza.

"Mzee, nataka kukodi lori, si kulioa."

"Hamsini na tano basi, kwa sababu una mdomo."

"Thelathini. Na ukirudi upakie magunia ya muhogo ya watu wengine, sitasema kitu."

Alinitazama kama mtu aliyeona nyoka kwenye godoro. "Wewe chuo kikuu kimekuokota wapi?" Tulimalizana kwa thelathini na tano. Kila safari, kwa miaka miwili.

Shahidi wa mambo hayo alikuwa Amoit, binti wa Kiteso kutoka Amagoro, mhojaji wetu hodari. Aliingia boma la mtu asiyemjua, na kabla uji haujaisha alikuwa ameshajua ekari ngapi, pamba kilo ngapi, na nani amegombana na nani. Alikuwa akinicheka. "Karani, hata hewa ingekuwa inauzwa ungeomba ya jana."

Katika andiko la awamu ya pili, Msajili Msaidizi aliweka fungu jipya la masomo, na humo akaliandika jina la Amoit: miaka miwili chuoni, ada na malazi. Amoit alinunua sanduku la bati la buluu, akaliweka pale ofisini kwa sababu nyumbani wadogo zake wangelifanya ngoma. Lilikuwa tupu. Kila asubuhi alilifuta vumbi.

Mwaka wa pili ulipokaribia kufungwa, nilimwonyesha Msajili Msaidizi kuwa fungu la usafiri lina bakaa, yaani pesa zilizosalia, ya hizo elfu moja mia nane na arobaini. Nilingoja sifa. Alivua miwani.

"Karani, hii isibaki hivi. Nikirudi tutaona la kufanya. Mfadhili hapendi kurudishiwa pesa."

Kisha akaenda kwao Matayos kwenye msiba, wiki moja.

Nami nimekulia sokoni. Mkubwa akimwambia karani kwamba pesa zisibaki, karani wa sokoni anasikia jambo moja tu: mkubwa ana njaa. Sikulala vizuri wiki hiyo. Siku za kutuma ripoti zilikuwa zinakwisha, na ukurasa wa matumizi nilikuwa na idhini ya kuutia sahihi. Niliandika bakaa yote kwa mashine, nikapigia mstari, nikaongeza sentensi moja ya kujivunia: kwamba ofisi imefanya kazi yote iliyoahidi kwa karibu nusu ya pesa za usafiri. Nikapanda gari hadi Malaba, nikaiweka bahasha mikononi mwa mtu wa posta. Nikarudi Busia nikijiona mlinzi wa mali ya umma.

Msajili Msaidizi aliporudi aliketi bila kuvua koti.

"Umetuma?"

"Nimetuma, bwana."

"Umehesabu?"

"Mara mbili."

Alifungua mkoba wake, akatoa barua aliyoiandika kwa mkono huko huko msibani. Ilikuwa ya kumwomba mfadhili kibali cha kuhamisha bakaa ya usafiri iingie fungu la masomo, apate nafasi mhojaji wa pili. Hilo ndilo alilokuwa amekusudia. Hakuna aliyekuwa na njaa ya pesa. Mtu yule alikuwa amekaa kando ya jeneza la kaka yake akitafuta njia ya kuongeza mwanafunzi.

Jibu la wakfu lilikuja na shukrani nyingi. Walifurahishwa na uangalifu wetu. Kwa kuwa ofisi ilionyesha inaweza kufanya kazi kwa gharama ndogo, walipunguza msaada wa awamu ya pili, na fungu la masomo wakaliondoa lote.

Msajili Msaidizi alimwambia Amoit kwamba wafadhili wamebadili mpango. Hakunitaja. Amoit alitazama sanduku, kisha akanitazama mimi.

"Ni maksi zangu, eeh Karani? Hawakutaka kuniambia."

Hapo ndipo pa kusema. Nilisema, "Pole, dada." Alilibeba sanduku kichwani hadi stendi ya magari. Lilikuwa jepesi, halikumsumbua.

Mimi nilipandishwa cheo, nikahamishiwa makao makuu, nikastaafu nikiwa Karani Mkuu. Makarani wote niliowafundisha walisikia sharti moja: kabla ya kuandika bakaa, andika barua ya kibali, na kabla ya kumdhania mkubwa wizi, muulize. Hakuna aliyewahi kuniuliza nililijulia wapi.

Mwezi uliopita Amoit alinikuta sokoni Amagoro, nikibishania bei ya dengu. Nywele zake ni nyeupe, mdomo ni ule ule. "Mzee, bado hujachoka?" Kisha akashusha sauti. Mjukuu wake amepata nafasi chuo kikuu, ada hakuna. "Wewe ndiye uliyewajua wafadhili. Niandikie barua. Mimi sikufika, pengine kichwa changu hakikutosha, lakini huyu ana kichwa."

Barua nimeshaiandika, na nimeisoma mara mbili. Alhamisi anakuja kuichukua. Ninyi mnaofanya kazi hii sasa, nishaurini: nimwambie kabla sijampa bahasha, ajue ninavyodaiwa, au nimpe kwanza, ndipo nimwambie? Nikimwambia kwanza, huenda akaiacha mezani.