Gari Lililonyamaza Uani

Baba alinifundisha ufundi kwa masikio. Macho yake yalipozimika kabisa, bado alikuja kwenye gereji yetu ya Arua kila siku, akakatiza ua peke yake. Gari linalonguruma alilikwepa. Lililo kimya alilipapasa na kupita. Kwetu sote pale, kimya maana yake limezimwa.

Kisha mfanyabiashara mmoja wa Sudan Kusini akaleta gari la haibridi kutoka Koboko. "Fundi, hii gari iko na mashine mbili," aliniambia. "Ya petroli inalala, ya umeme inatembea. Unafikiri imekufa, inaamka."

Nilicheka. Nilijua yapo magari ya umeme mtupu, unayachaji kama simu, na mengine yana tangi la petroli na waya wa kuchajia pia. Hili halikuwa na waya. Betri yake hujazwa na injini, na kila unapokanyaga breki. Kichwa changu kiliyajua hayo. Masikio yangu hayakuwa na habari.

Adhuhuri ile nililijaribu hadi Onduparaka, nikalirudisha uani, tairi likatulia kwenye kishimo. Kimya. Nikashuka bila hata kutazama gia. Kitu kililia ndani, tii, tii, nikadhani ni mambo ya mkanda wa kiti, nikaenda kutafuta kitambaa. Ujinga ule sijausamehe hadi leo.

Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda ukutani, akitia udhu. Nilipogeuka, gari lilikuwa limejitoa kishimoni, linamwendea polepole. Halina mtu, halina sauti, mlango wazi. Nilikuwa nimeliacha kwenye gia ya kwenda mbele. Nikaanza kukimbia. Yeye aliendelea kumimina maji mguuni.

Zikiwa zimebaki hatua mbili, injini ikaamka yenyewe. Baba akavuta miguu, akajibana ukutani. Hakuwa na pa kwenda.

"Nani iko ndani?" akauliza.

Nilifika, nikajitupa kitini, nikakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Bampa lilikuwa limekwisha kuangusha birika lake.

"Ni mimi, baba."

Alinyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya boneti. Injini ikatetemeka kidogo chini yake, ikanyamaza tena.

"Sasa iko wewe," akasema. "Nilisikia unaingia. Kabla ya hapo, nani alikuwa anaendesha?"